Cessna 182 ya miaka ya 70: injini mwamba, kifuniko cha tangi aibu tupu

Haya wadau, karibuni. Tupo uwanja wa ndege wa Mwanza, upande wa ndege ndogo. Mvua imepiga usiku kucha, sasa hivi jua limeanza kuchoma. Kwa ninachotaka kuwaonesha, siku haiwezi kuwa nzuri kuliko hii.

Hii nyuma yangu ni Cessna 182P, toleo la 1972 hadi 1976. Viti vinne, injini ya Continental O-470, nguvu ya farasi 230. Mengine mnayajua, sitawamalizia bando kwa kusoma kitabu. Inabeba mzigo, inavumilia viwanja vya changarawe, na hapa Mwanza, futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, kukiwa na nyuzi 28 injini inajisikia kama iko zaidi ya futi 6,000. Hizo farasi 230 zinahitajika zote.

Sasa dogo, panda ngazi na kamera. Juu ya bawa. Sogea, sogea. Mnaona hicho kibonde? Na mnaona maji yaliyotuama ndani yake? Chini ya hayo maji ndipo kilipo kifuniko cha tangi la mafuta. Yaani mtu alikaa ofisini Kansas akachora bakuli la kukinga mvua, kisha akaweka mlango wa tangi katikati ya bakuli! Alitaka juu ya bawa pawe laini ili hewa ipite vizuri. Sawa. Lakini baada ya miaka 50, kinachozuia hayo maji yasiingie kwenye petroli yako ni oringi mbili tu, yaani pete za mpira. Moja kubwa, inazunguka kifuniko. Nyingine ndogo, imejificha kwenye shina la kishikio. Ile kubwa watu wanaikumbuka. Ndogo inaachwa mpaka inakauka na kupasuka, na maji yanapita katikati kabisa, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Twende mezani, nisije nikaambiwa naongea tu. Nina pete ya mdomo wa tangi, imetoka kwenye bawa lililokatwa. Nimeikalisha juu ya mtungi unaoonesha ndani. Nafunga kifuniko cha zamani, nalaza kishikio. Maji haya nimeyatia rangi nyekundu ya keki, namwaga mpaka kibonde kijae. Tunaacha dakika 10.

Tukiwa tunasubiri: mubashara tumehamishia Jumapili saa mbili usiku, kwa sababu wengi mlilalamika Jumamosi mpo kwenye mpira. Na wale mnaoniomba kila wiki niichambue Cessna Caravan, jamani, ile ina injini ya tabaini, bajeti yake ni nyingine kabisa. Chaneli hii ni ya ndege za pistoni za zamani. Kama hujabonyeza kengele, bonyeza, inanisaidia kupata vipuri vya kuwaonesha.

Haya, rudini kwenye mtungi. Hilo tone mnaliona? Linafuata shina, linadondoka, linafuata lingine. Ukingo wa nje mkavu kabisa! Oringi kubwa ni mpya, na bado mtungi una maji mekundu. Chukua hiyo, zidisha kwa usiku mzima wa mvua ya ziwani, zidisha kwa wiki nzima ndege ikiwa imeegeshwa nje.

Mtasema, si tunatoa maji asubuhi kwa kikombe cha kupimia? Ndiyo, na kwenye tangi la chuma ingetosha. Hii 182P ina tangi la mpira, mfuko uliobanwa ndani ya bawa kwa vishikizo. Vishikizo vikiachia, sakafu ya mfuko inapata mikunjo, na kila mkunjo ni tuta. Maji yanakaa nyuma ya tuta, hayafiki kwenye dreini, lile tundu la kutolea maji chini ya bawa. Unapima, unaona buluu safi, unafurahi. Unapaa kuelekea ziwani, pua inainuka, maji yanavuka tuta, yanaingia kwenye bomba. Injini inakata na mbele yako ni maji mengine.

Kwa hiyo baada ya mvua, fanya hivi. Toa sampuli dreini ya kila bawa, halafu ya chujio; kivuta chake kipo ndani ya kimlango cha kuongezea oili. Maji ni mazito kuliko avgasi, ile petroli ya ndege, yatakaa chini ya kikombe na utaona mstari. Angalizo: kikombe kizima kikiwa maji matupu, mstari haupo! Kishike mbele ya ubavu mweupe wa ndege, avgasi ya 100LL lazima iwe buluu. Ukikuta maji, usiishie kumwaga. Shusha mkia mpaka ukaribie ardhi. Kandamiza mwili wa ndege kwa juu, mbele ya mkia wa wima, penye fremu. Wanaoning'inia kwenye mkia wa kulala ndio wanaopasua ribu zake, mbavu za ndani. Mkia ukiwa chini, watu wawili kwenye mabawa wayumbishe, sentimita 25 juu, 25 chini, mara 12 au zaidi. Acha yatulie dakika chache, toa tena. Maji yakija tena, ndege hairuki. Mwaga tangi lote, fundi aingize mkono aikague mikunjo na kurudisha vishikizo. Marekani walitoa agizo la lazima kuhusu jambo hili tangu 1984, na huo mchezo wa kuyumbisha umetoka humo.

Sasa shujaa wangu. Kifuniko cha mwavuli! Ona, hiki hakilali, kimeinuka juu ya shingo, na ukingo wake unashuka chini kupita mdomo. Maji yangu mekundu... namwaga chupa nzima... yote yanateleza bawani. Mtungi mkavu. Kibonde hakipo, maji yatatuama wapi? Na ukikiangalia kutoka chini, kwa mbali, unajua kimefungwa. Hilo nalipenda kuliko hata kuzuia maji, maana kifuniko kisipofungwa, hewa ya juu ya bawa inanyonya petroli yote nje. Mfuko unanyanyuka na kubeba boya la geji, geji inakuambia tangi limejaa huku tangi linaisha. Ndiyo maana wakongwe wanapima kwa kijiti.

Kazi ya kukifunga: unatoa pete ya zamani, unaweka bamba jipya na gasketi yake, unakaza skrubu moja kisha inayoikabili, taratibu, kila moja kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, gasketi inajikunja na umenunua uvujaji mpya. Si kazi ya mwenye ndege na bisibisi yake. Ni fundi mwenye leseni, karatasi za idhini ya mabadiliko, na kumbukumbu kwenye kitabu cha ndege ambayo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wataikuta.

Bei? Jozi ni mamia ya dola kabla hujalipa usafiri na ushuru. Na hapa lazima niseme ukweli, maana nilianza kwa moto: turudi kwenye kifuniko cha zamani. Nimebadilisha oringi zote mbili, kubwa na ndogo, nimepaka kilainishi kisichoyeyuka kwenye petroli. Maji mekundu tena... tunasubiri dakika 10, dogo atazikata kwenye video... mtungi mkavu. Mkavu! Kwa bei ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kama ndege yako inalala ndani ya hanga, oringi mpya kila mwaka zinakutosha. Inayolala nje hapa kando ya ziwa, mimi bado nasema mwavuli.

Wenye Piper Cherokee, ndege ndogo ya kampuni pinzani, najua mnacheka. Tangi zenu za chuma, bawa liko chini, mnachungulia petroli bila ngazi. Nawapa hiyo. Lakini mlango mmoja, tena wa kulia, na bawa linalokula kokoto kwenye viwanja vya visiwani? Hapana. Cessna 206 ndiyo mpinzani wa kweli, injini yake inapuliza mafuta kwa sindano, haina kabureta ya kuganda barafu. Kabureta ya O-470 inaganda hata joto likiwa nyuzi 20 na kitu, unyevu wa ziwa ukiwa mkubwa na umepunguza moto kushuka. Usisubiri mizunguko ya injini ishuke, propela hii inajirekebisha na kuficha tatizo. Angalia geji ya presha ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Tutafanya video yake.

Mambo matatu ya haraka kwa wanaotaka kununua. Kagua ukuta wa moto, bati linalotenga injini na chumba cha rubani. Bati likiwa na makunyanzi, kuna mtu ameitua kwa gurudumu la mbele. Usikubali ndege iliyokaa na tangi tupu, mpira unakauka na kupasuka. Na chungulia bomba la hewa la tangi, nyuma ya nguzo inayoshikilia bawa la kushoto, nyigu wa matope wanalipenda. Likiziba, mfuko unajinyonya wenyewe.

La mwisho, mnaoagiza avgasi kwa mapipa. Pipa likisimama, mvua inatuama juu na inanyonywa kupitia vizibo usiku joto likishuka. Lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja, saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, mafuta yavifunike kwa ndani. Na hapa Mwanza Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini, iko kila kona, kwa hiyo dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgasi inakauka na kuacha pasafi. Ikibaki duara la mafuta na harufu ya mafuta ya taa, rudisha pipa.

Anayetaka namba za oringi zake, aniandikie mwaka na toleo la ndege, si "ya kwangu ni nyeupe yenye mstari mwekundu." Jumapili, saa mbili.