TAHADHARI: Huyu anayeuza "vitambaa vya magunia ya unga ya Marekani" kutoka Nakuru ni mwongo, msitume pesa

Mafundi wenzangu wa kwilti, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyoshonwa pamoja, Kisumu, Nakuru, Kakamega, popote mlipo, someni hii kabla mtume kitu. Kuna mtu anasema ako Nakuru anauza vipande vya vinteji, yaani vitambaa vya zamani, vile vya maua madogo madogo, eti ni magunia ya unga ya Marekani ya miaka ya 1930. Mimi nimeliwa sh 9,600 na hapo sijahesabu ya paseli wala pasi yangu.

Wacha nianze pale ilianzia. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kwa kibanda changu hapa soko la Kibuye, Kisumu, na kipande cha kwilti kimekunjwa ndani ya gazeti. Mamake alifanyia kazi wamishonari Wamarekani kule Kaimosi, wale wa kanisa la Friends (Quaker) ambao misheni yao ilianza 1902, wakampa hiyo kwilti, na panya wameila mpaka imebaki ukubwa wa trei. Ni ile ya vipande vya pembe sita, kimoja cha njano katikati, sita vinakizunguka, halafu safu ingine tena, wanaiita bustani ya maua ya nyanya, ilivuma sana kwao miaka hiyo ya 1930. Mwalimu anataka ingine kama hiyo ya harusi ya mjukuu, akaacha na dipositi. Hiyo usiku sikulala kwa furaha.

Kwa wenye hawajui, Marekani wakati huo maisha yalikuwa magumu, na unga, sukari, hata chakula cha kuku vilikuwa vinauzwa kwa magunia ya pamba. Akina mama walikuwa wanafumua gunia, wanafua, wanashona nguo za watoto na kwilti. Kampuni zilipoona hivyo zikaanza kupiga chapa ya maua kwa gunia lenyewe ndio mama achague unga wao. Kwa hivyo hivyo vitambaa ni vya kweli, viko, na watu wanavitafuta, na hapo ndipo huyu jamaa ameweka mtego.

Nikamwandikia. Akaniita dada, akaniita mpenzi, akanitumia picha kumi na kitu, vipande 40 kwa sh 240 kila kimoja. Nikamwambia anipigie video nione kitambaa kikishikwa na mkono, akasema kamera ya simu imekufa. Jioni hiyo hiyo akaweka picha mpya tano. Hapo ningesimama, najua, msinikumbushe, lakini nilikuwa nimeshaanza kuona hiyo kwilti kitandani na harusi ilikuwa inakaribia nikatuma pesa yote.

Paseli ikakuja na matatu siku ya pili. Nikafungua, harufu ya kizee kabisa, rangi imefifia kama ya dera limekaa kwa kamba miaka kumi, na kando ya vipande vingine kuna tundu tundu zimejipanga kwa mstari. Gunia la kweli likifumuliwa huwa linabaki na hizo tundu za uzi, kwa hivyo nikasema haya, hii ni yenyewe. Kumbe mtu alikaa chini na sindano akazitoboa moja moja! Ile bidii, angeshona tu angepata pesa.

Nikakata pembe sita za kwanza, nikakunja juu ya karatasi, nikaweka pasi kwa alama ya pamba kama kawaida. Kitambaa kikajikunja kama ngozi ya kuku kwa moto na kikashika chini ya pasi. Nimekwaruza mpaka leo haijatoka yote. Poliesta! Na poliesta imevumbuliwa 1941, Uingereza, sasa hilo gunia la 1930 lilishonwa na nani, malaika?

Nikachukua kingine nikaloweka kwa beseni, maji yakageuka strungi. Si mzaha, ni majani chai, hata yalinukia. Ndio nikatoa kile kipande cha Mwalimu nikaweka kando yake. Cha Mwalimu nikifunua kidogo pale kwa mshono, ndani rangi bado ni kali, waridi na kijani kama jana, kwa sababu jua halikufika huko. Vya huyu mtu ni kahawia sawasawa mbele, nyuma, kila pembe, kwa sababu vililowekwa vyote kwa sufuria moja.

Kwa hivyo ukinunua kitambaa cha zamani, kwa yeyote, omba kwanza kipande cha kujaribu, hata cha inchi mbili. Chomoa nyuzi kidogo, shika na kibano juu ya beseni ya maji, washa. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini unasugua na kidole linaisha. Poliesta inarudi nyuma ikiona moto, inayeyuka, inabaki kitone kigumu cheusi. Usiguse kabla kipoe, mimi niligusa nikajuta.

Na sisemi lazima kiwe cha zamani. Kuna pamba mpya inapigwa chapa ya maua ya miaka hiyo, wanauza waziwazi kama mpya, na ni nzuri, inapigika pasi, haichuji. Angeniambia ni hiyo ningenunua bila kelele. Mwalimu mwenyewe nilipomweleza alisema yeye anataka maua, hakuuliza ni ya mwaka gani. Sasa natumia pamba mpya na magauni mawili ya mitumba ya koton, na nimeshafika safu ya tisa.

Nilipomuuliza huyo muuzaji alisema pasi yangu ndio mbaya, halafu akaniblok. Nilituma ile meseji ya M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, lakini ilikuwa wiki imepita, hela ilishatolewa. Nimeenda polisi nimepewa namba ya OB, kile kitabu chao cha kuandikisha ripoti. Kama na wewe ulimtumia pesa njoo inboksi na skrinshoti tuandikishe pamoja, mtu mmoja akilia peke yake hakuna anayeamka.

Jana rafiki yangu wa Nakuru amenitumia akaunti ingine, jina jipya, sasa anauza vifungo na lesi za zamani. Nimekuza hizo picha. Meza ni ile ile, mbao ya kahawia, na doa la wino la bluu kwa pembe ya kushoto. Ukiona hilo doa, funga simu.