Transmita ya redio jamii: FM mono, stirio au dijitali?

Kikundi kikishachanga fedha za kuanzisha redio, swali la kwanza huwa "wati ngapi?" Mimi huwasihi waanze na modulesheni, yaani namna sauti inavyopakiwa juu ya wimbi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua nani atawasikia.

Namba moja naipa FM mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, bila kusita. Bendi ya megahezi 87.5 hadi 108 inashikwa na kiredio cha betri mbili na simu ya kitochi vilevile. FM huyumbisha masafa, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi, hadi kilohezi 75 kila upande, wala haitegemei ukubwa wa wimbi, kwa hiyo radi na cheche za pikipiki haziharibu sauti kirahisi. Hilo ndilo Edwin Armstrong alilolipatia hataza mwaka 1933. Tena vituo viwili vikigongana, kipokezi hushika chenye nguvu na kukiacha kingine.

Namba mbili ni FM stirio, yenye mikondo miwili ya sauti, kushoto na kulia. Muziki unapendeza, sikatai, ila gharama yake iko pembezoni mwa eneo lenu. Mkwaruzo huongezeka kwa takriban desibeli 20, yaani mara mia kwa nguvu. Kuufuta kwa nguvu peke yake, transmita ya wati 300 ingebidi iwe ya wati 30,000! Redio ya spika moja hainung'uniki, maana yenyewe hucheza mono. Anayeumia ni mwenye gari, au kijana anayesikiliza kwa simu huku waya wa hedifoni ndio antena yake. Na stirio inataka fundi makini. Kituo kimoja nilichokisaidia kilipigiwa simu na wasikilizaji wa kijijini: ala zinasikika, mwimbaji hayupo. Studio ilikuwa safi kabisa masikioni mwetu. Tulipofungua plagi, nyaya mbili za upande wa kulia zilikuwa zimegeuzwa, na kila sauti ya katikati ilijifuta ilipofika kwenye redio ya spika moja. Kama vipindi vyenu vingi ni mazungumzo, habari na mawaidha, anzeni na mono.

Mkiwa dukani, tafuteni swichi ya kupandisha sauti nyembamba. Huku kwetu na Ulaya iwe mikrosekunde 50; ile ya 75 ni ya Marekani, na ukiisahau hapo kila "s" ya mtangazaji itachoma masikio. Jambo jingine ni magari yaliyotoka Japani. Redio zake nyingi huanzia megahezi 76 na kuishia 90, hivyo mkipangiwa 100 na kitu, dereva hawapati mpaka afunge kile kifaa cha kuhamisha masafa kwenye waya wa antena.

Namba tatu ni DAB+, mfumo wa redio ya dijitali, kwenye megahezi 174 hadi 240. Ni teknolojia nzuri: transmita moja hubeba vituo zaidi ya kumi, nao wakagawana umeme na mnara. Norwei iliviondoa vituo vyake vya kitaifa kwenye FM mwaka 2017. Lakini tunakumbuka televisheni ilivyohamia dijitali, kila nyumba ikasaka king'amuzi. Kwa redio, anayetakiwa kununua kifaa kipya ni mkulima aliyezoea kusikiliza akiwa shambani. Nisingempa mzigo huo leo.

DRM ya VHF, mfumo mwingine wa dijitali kwenye mawimbi ya megahezi 30 hadi 300, naiweka ya nne. Inatumia kilohezi 96 tu na inaweza kukaa kwenye bendi ileile ya FM, ila vipokezi vyake ni adimu. HD Radio ni mfumo wa dijitali wa Marekani, upiteni.

Mkiuziwa AM ya VHF, inayobadili ukubwa wa wimbi badala ya masafa, kataeni. Hiyo ni ya marubani, megahezi 118 hadi 137, na inawafaa kwa sababu wawili wakiongea pamoja mwongoza ndege husikia mluzi, akajua kuna mwingine.

Fedha mtakayookoa kwa kuacha stirio iwekeni kwenye mnara. Kwenye tambarare, antena iliyo mita 30 juu hufikia upeo wa kilomita kama 22. Ikiwa mita 60, kama 32.