Mifumo mitatu dukani kwangu Langoni: upi wastahimili flashi za wateja?

Duka langu liko Langoni, hapa Lamu. Nachapisha, natoa kopi, nawajazia watu fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Tangu asubuhi flashi zanipitia mkononi: za walimu wa Faza, za manahodha, za watoto waliotumwa na wazazi wao. Basi nikisema mfumo fulani wa kuendesha kompyuta uko salama, nina maana kwamba nimeuchomekea flashi nisiyoijua ilikotoka, siku baada ya siku, na kazi za wateja zimebaki nzima.

Nianze na Windows 10, maana ndiyo iliyonifunza kwa machungu. Mwaka 2021 fundi mmoja aliniletea programu ya ofisi iliyokrakiwa, yaani ya wizi isiyo na leseni, akaniambia nizime antivirusi kwanza ndipo iingie. Nikazima. Jioni ile kila faili ilikuwa imefungwa isifunguke, imeongezwa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, na kando yake barua ya Kiingereza yadai dola 980, au nusu yake nikilipa ndani ya saa 72. Sikulipa. Msichana wa Kizingitini aliyeniachia tasnifu yake nimpangie kurasa alipoteza sura mbili, na mpaka leo nikimuona jetini moyo wanishuka.

Sikuulaumu mfumo kwa hilo, kwa kuwa mlango niliufungua mimi. Lakini Windows ina tabia mbili ambazo kila mwenye saiba apaswa kuzibadilisha siku ya kwanza. Akaunti ya kwanza unayofungua huwa na mamlaka yote ya mashine, na herufi za mwisho za jina la faili hufichwa, hata picha.jpg.exe, ambayo ni programu na si picha, ikaonekana picha.jpg tu. Onyesha herufi hizo, kisha ufungue akaunti ya pili isiyo na mamlaka, ufanyie kazi humo.

Halafu kuna suala la viraka, yaani masahihisho ya kuziba matundu ya mfumo. WannaCry, programu nyingine ya kufunga faili na kudai fidia, ilipotapakaa duniani Mei 2017, kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Windows 10 yenyewe ilifika mwisho wa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wakabaki navyo waliojiunga na mpango wa nyongeza tu. Windows 11 yenye leseni halali naiamini, na antivirusi yake ya ndani inatosha kwa kazi yangu. Tatizo ni kwamba inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na mashine zangu mbili kuukuu hazina.

Hizo mbili ndizo nilizoziwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa jamii ya Linux. Haina malipo, na ndiyo ninayoisifu zaidi. Wiki ya kwanza akaja mwalimu mmoja mtu mzima, jasho lamtoka. "Mwanangu, flashi imekuwa tupu, mitihani yote imekwenda." Kwenye Windows ilionyesha shotikati moja tu, ile alama ya njia ya mkato. Nikaichomeka kwenye Mint, folda zote zikajipanga: kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Virusi vile huzificha folda kwa alama ambayo Windows huitii na Linux haiijali, na shotikati yenyewe huku haina la kufanya. "Haijaenda popote, ami," nikamwambia. Nikafuta shotikati na ile faili ya virusi, nikamchapishia papo hapo.

La pili ninalolipenda ni akaunti ya mgeni. Lazima uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya kuingilia. Mteja akimaliza na kutoka, kila alichoacha kinafutika, pamoja na nywila aliyoisahau wazi. Kwa watu wanaofungua eCitizen mbele ya foleni, hilo ni kubwa.

Mint si ngome isiyoingilika. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa kwenye xz, programu ya kubana faili inayotumika kwenye Linux nyingi, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Ulinaswa kabla ya kufika kwenye Mint. Tena fomu za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, hazifunguki sawasawa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ninayoitumia kwenye Mint.

MacBook, kompyuta za Apple, naziona kwa wageni wa Shela tu. Hukagua saini ya programu kabla ya kuifungua, na ni mashine nzuri, ingawa mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000. Bei yake siiwezi.

Ile ya Windows 10 bado ninayo, kwa ajili ya skana na fomu za makro. Nimeichomoa waya wa intaneti, na flashi haiifikii kabla sijaifungua kwanza kwenye Mint.