Tathmini ya InterPro: kuzitambua domeni zinazoshika ATP

Kila ninapopewa mfuatano wa protini nisiyoijua na kutakiwa kusema kama inashika ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), huanzia InterPro, huduma ya mtandaoni ya kutambua domeni, yaani sehemu za protini zenye umbo na kazi yake, inayotolewa bila malipo na taasisi ya EMBL-EBI iliyoko Hinxton, Uingereza. Ubora wake ni kwamba hailinganishi mfuatano mmoja na mwingine tu. Modeli za Pfam, hifadhidata ya koo za domeni ambayo sasa imo ndani yake, zimejengwa kutokana na mifuatano mingi iliyopangwa pamoja, kwa hiyo hubeba habari za nafasi zisizobadilika na za zile zinazovumilia mabadiliko, na huwatambua ndugu wa mbali ambao BLAST ya kawaida, programu inayolinganisha mfuatano mmoja na mwingine, aghalabu huwapita.

Thamani ya jambo hilo huonekana kwenye motifu ya Walker A, kipande kifupi cha mfuatano kinachosaidia kushika ATP, iliyoelezwa mwaka 1982: glisini, asidi amino nne zozote, glisini, laisini, kisha serini au threonini. Kigezo kifupi namna hiyo hujitokeza kwa bahati katika protini nyingi zisizohusiana na ATP, na wakati huohuo huziacha nje kinasi za protini (vimeng'enya vinavyoongeza fosfeti kwenye protini), ambazo hushika ATP kwa muundo mwingine kabisa na hutambuliwa kwa modeli ya Pfam yenye namba PF00069. Modeli ya PF00005, ya visafirishi vya ABC (protini zinazotumia ATP kupitisha vitu kwenye utando wa seli), huipima Walker A pamoja na Walker B, motifu nyingine ya tundu la ATP, na alama ya LSGGQ (kila herufi ni asidi amino moja) iliyo kati ya hizo mbili, na ndiyo maana jibu lake naliamini.

Hata hivyo, jibu hilo hutaja ukoo wa domeni, si kazi yake. CFTR, protini yenye asidi amino 1480 ambayo kasoro zake husababisha ugonjwa wa sistiki faibrosisi, hupewa domeni mbili za PF00005, zenye jina lilelile. Ukiusoma mpangilio wa herufi utaona kwamba katika domeni ya kwanza, mara baada ya Walker B, panapotarajiwa glutameti inayosaidia kuivunja ATP pana serini, na katika ya pili LSGGQ imegeuka kuwa LSHGH. Sehemu hizo mbili hukutana kuunda tundu linaloshika ATP bila kuivunja. Kazi ya kuivunja hubaki kwa tundu la pili. Jina la domeni peke yake halionyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo siandiki neno "kimeng'enya" (hapa, protini inayovunja ATP) kwenye ripoti kabla ya kuikagua laisini ya Walker A na glutameti inayoifuata Walker B, domeni kwa domeni.