Hadubini ya mtumba niliyonunua kwa ajili ya tuisheni, uzoefu wangu

Mi nafundisha tuisheni ya bailojia na fizikia hapa Tabora mjini, na hii hadubini naisifia kwa moyo wote, ina lenzi ya jicho ya 10x na chini zipo tatu, 4x, 10x na 40x.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba lenzi ya jicho inachomoka. Ukiitoa, ukafunika mdomo wa bomba na karatasi ya treising, ukazima taa ya chumba na kuzungusha kitasa cha fokasi kidogo, aisee, picha inatokea pale pale kwenye karatasi, imepinduka juu chini! Wanafunzi wakaelewa wenyewe, yaani kitu kinakaa mbele kidogo tu ya fokasi (pale lenzi inapokusanyia miale sambamba ya mwanga) ya lenzi ya chini, inatengeneza picha halisi kubwa kuliko kitu, halafu ile picha inaangukia ndani ya fokasi ya lenzi ya jicho ambayo nayo inaikuza tena, ila hii ya pili sio halisi, huwezi kuikinga kwenye karatasi, na kwa vile haijageuzwa tena ndo maana ukisogeza slaidi kulia kitu kinakimbilia kushoto.

Tulijaribu na asali ya Sikonge, tukaikoroga na maji ya uvuguvugu, tukaiacha ituame, tone la mashapo likaenda kwenye slaidi. Kwa 10x ni vidoti tu. Kwa 40x, yaani mara 400, chavua, yaani ule unga wa maua, zikajaa kioo, nyingine za pembetatu, nyingine zina miiba pande zote, darasa zima likapanga foleni.

Sasa dukani walitaka kuniongezea lenzi ya jicho ya 25x ati nifikishe mara 1000, nikakataa. Lenzi yangu ya 40x imeandikwa 0.65, hiyo namba ndo inaonyesha inakusanya mwanga kwa upana gani, na ukuzaji wenye faida hauzidi kama mara 1000 ya hiyo namba, yaani 650, ukipita hapo unakuza ukungu tu, hakuna kipya utakachokiona. Watu wanapigwa sana hapo.

Kasoro yake kishikio cha kupunguzia mwanga ni kigumu, na 40x inakaribia mno slaidi, kitasa cha fokasi kubwa usikiguse kabisa ukifika hapo. Kama unataka ya kuangalia malaria hii haikufai, tafuta yenye 100x ya kutumia mafuta, iliyoandikwa 1.25.