Rauta ya bei nafuu mjini Kisumu: ya kununua kwanza na ya kuachia dukani

Ukiingia maduka ya kompyuta ya barabara ya Oginga Odinga ukauliza rauta, kile kifaa cha kugawa intaneti kwa waifai, utahesabiwa antena. "Mkubwa, hii ina nne, inapita ukuta wote." Antena nne hazisaidii kitu kama redio iliyo ndani ni ya bendi moja tu ya mawimbi, GHz 2.4, na wengi hulipa pesa zao kwa sababu ya antena hizo.

Pima kwanza kabla hujatoa hata shilingi. Waambie wa nyumbani waache video kwa dakika tano, simama mita moja kutoka kisanduku ulichofungiwa na kampuni ya intaneti, upime kasi kwa simu. Nenda chumba unacholalamikia, upime tena. Ukilipia kasi ya Mbps 15 ukapata 14 hapo karibu na 2 chumbani, shida ni waifai na rauta mpya itakufaa. Ukipata 4 hapohapo karibu, na hata kwa kebo ni 4, pigia kampuni simu, kwa maana rauta haiwezi kugawa kisichofika. Angalia pia kisanduku kimekaa wapi. Mafundi hukifunga pale waya unapoingilia, basi utakikuta nyuma ya televisheni au nyuma ya friji, mahali pabaya kuliko pote. Kukisogeza mita mbili hadi penye uwazi ni bure, bora usiukunje ule waya mwembamba wa faiba.

Bado chumbani kuna 2? Haya, tununue.

Nafasi ya kwanza naipa rauta ya bendi mbili (GHz 2.4 na GHz 5) ya daraja la AC1200 yenye milango ya kebo ya Mbps 100, kama TP-Link Archer C54 au Tenda AC6. Bei huwa karibu elfu nne, ikipanda au kushuka kulingana na duka. Kwa ploti za Kondele, Manyatta au Migosi sioni cha kuishinda kwa pesa hizo. Fungua orodha ya waifai kwenye simu yako ukiwa kitandani uone majina ya majirani yalivyopangana. Karibu yote yamebanana kwenye GHz 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwenye GHz 5 chaneli ni nyingi zaidi, na mawimbi yake hudhoofika yakikutana na ukuta. Udhaifu huo ni faida kwa mpangaji wa bedsita: waifai ya jirani inakwama kwake, yako inabaki kwako, na wewe na rauta mko chumba kimoja.

Muuzaji atakuambia milango ya Mbps 100 imepitwa na wakati. Muulize kifurushi cha Mbps 15 au 30 kitaujaza vipi mlango wa 100. Na ile 1200 ya kwenye boksi isikutie wazimu: ni 300 ya bendi moja na 867 ya nyingine, zikajumlishwa na kukuzwa kidogo. Simu yako hutumia bendi moja kwa wakati mmoja.

Ya pili ni AC1200 ileile lakini yenye milango ya gigabiti (Mbps 1000): Archer C6, Tenda AC10, Mercusys AC12G. Hizi ni za mwenye kifurushi kinachozidi Mbps 100, au anayetarajia kukipandisha hivi karibuni. Geuza boksi usome: 10/100/1000 ndiyo gigabiti, 10/100 siyo. Kuna maduka yanayouza zote mbili kwa bei moja, kwa hiyo usione haya kusimama hapo ukisoma.

Waifai 6, kizazi kinachofuata hizo za AC, mfano Archer AX23 au Mercusys MR70X, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo bora kwa uwezo. Inang'aa pale vifaa vingi vinapotumia mtandao kwa pamoja, lakini simu nazo lazima ziwe na Waifai 6, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Kama nyumba ina watoto watatu na kila mmoja na kompyuta yake mpya, ipandishe hadi ya kwanza.

Mkiani ni zile za N300, za GHz 2.4 peke yake, kama TL-WR841N na Tenda N301, ambazo kwa kawaida hupatikana chini ya elfu tatu. Mjini ziache. Lakini kwa boma la Siaya au Bungoma lililo mbali na majirani sina ugomvi nazo, maana GHz 2.4 hufika mbali na huko hakuna wa kuisonga. Kama faiba haijafika kabisa, wala huna intaneti nyingine ya kufungiwa, hakuna hata moja kati ya hizi nilizotaja itakayokufaa. Unahitaji rauta ya laini ya simu, kama TL-MR6400, na uhakikishe haijafungiwa mtandao mmoja.

Nyumba za mawe za Nakuru zina kesi yao. GHz 5 ikivuka kuta mbili za mawe huwa hoi, hata ukinunua ya bei gani. Watu hukimbilia kifaa cha kurefusha mawimbi, ambacho kikiwa cha bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hushuka takribani nusu. Pitisha kebo ya Cat5e juu ya dari hadi chumba cha mbali, uweke rauta ya pili huko katika hali ya kugawa waifai tu. Hata ile ya zamani inaweza kufanya kazi hiyo.

Stima nayo usiisahau. Ukitaka UPS ndogo (betri ya akiba) ya rauta, soma kibandiko cha adapta kwanza: TL-WR841N hutumia volti 9, nyingi za bendi mbili hutumia 12, na ukichomeka 12 kwenye ya 9 unaweza kuiunguza. Kumbuka kisanduku cha faiba nacho kinataka umeme wake, kwa hiyo UPS iwe na matundu mawili. Kwa radi za kanda hii, Kisii na Kakamega hasa, chomoa adapta mawingu yakianza kujikusanya alasiri. Uzi wa faiba ni kioo na haupitishi umeme. Radi huingilia kwenye soketi.

Kile kisanduku cha kampuni usikirudishe wala kukitupa, kwa sababu faiba inaishia humo. Kebo itoke kwake iingie mlango wa WAN (wa kupokea intaneti) wa rauta mpya, kisha uzime waifai ya kisanduku hicho ili visigombane.

Za mtumba zenye nembo ya kampuni ya intaneti, zile za kupangwa kwenye turubai Kibuye, nyingi zimefungiwa kampuni hiyo. Na hata kwa mpya, mwombe muuzaji aichomeke hapo dukani. Kabla ya kulipa, uone kwa simu yako majina mawili ya waifai, moja likiwa limeandikwa 5G mwishoni, yaani GHz 5. Likitokea moja tu, mwambie afungue mipangilio akuonyeshe ya pili iko wapi.