VS Code: editor iko sawa kabisa, ekstensheni ndio zinanitia wasiwasi

Wasee wengi wa Kisumu tunaandika programu kwa VS Code, editor ya Microsoft, na si ajabu, ni ya bure, inabeba Python, JavaScript, chochote. Kwa kuandika siikosoi. Lakini naona vijana, hasa wa Maseno wenye wanaanza, wakiinstoli ekstensheni yoyote (programu ndogo ya kuongezea editor uwezo) juu imesifiwa mahali, na hapo ndio lazima niseme.

Ukifungua folda mpya inakuuliza kama unawaamini wenye waliiandika. Hiyo ilikuja 2021 na inasaidia kweli, ukikataa haiwezi kuanzisha task (amri za kujiendesha zenyewe) zilizofichwa ndani ya folda. Kwa hivyo ukitumiwa proji na mtu humjui anasema ni jaribio la kazi, kataa kwanza usome. (Wa Cursor, ile editor ya AI iliyotokana na VS Code, mwaka 2025 ilipatikana hiyo swali inakuja ikiwa imezimwa, angalieni settings zenu.)

Shida ni kwamba swali hiyo ni ya folda. Ekstensheni mbaya ikishaingia hiyo haikukingi, inafanya kazi na nguvu zote za editor yenyewe, yaani zako: inasoma faili, inaenda mtandaoni, inaanzisha programu zingine, hata ile inajiita ya rangi tu inaweza beba kodi (code, maagizo ya programu) ndani. Sasa fikiria umejengea duka la Kondele malipo ya M-Pesa, funguo za Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) ziko kwa faili ya .env yenye inaweka siri za programu, maandishi wazi kabisa, na funguo za SSH, za kuingia kwa seva, ziko hapo kando. Na hata ikiwa safi leo, inajiapdeti yenyewe, akaunti ya mwenye aliiandika ikiibiwa umekwisha. GlassWorm, programu hasidi ya Oktoba 2025 kule Open VSX (soko lingine la ekstensheni), ilificha kodi kwa herufi zisizoonekana na jicho, ikaiba tokeni (funguo za kuingia kwa akaunti) ili ijisambaze zaidi.

Microsoft wanaskani na kuondoa mbaya, na tangu 2025 editor inauliza kama unamwamini mchapishaji wa ekstensheni. Ile tiki ya buluu kando ya jina lake inaonyesha tu mtu ana domeni (anwani ya tovuti) yake, haisemi kodi ni safi.

Mimi nimezima apdeti za otomatiki, nabaki na ekstensheni chache, kazi ya mteja naifungulia kwa kontena (sehemu iliyotengwa na kompyuta yangu). Naipa nyota nne, ya tano watapata ekstensheni zikianza kuomba ruhusa moja moja, faili kivyake, mtandao kivyake, venye app za simu huomba kamera.